Kesi ya Cherehani ya Makwale

Joho langu la uwakili nimemwachia Neema, ingawa linamfika visiginoni na ukosi wake mweupe umegeuka rangi ya chai. Kabati la majalada nimewaachia wote, pamoja na mende wake. Siku mliponiaga mliniomba niandike kazi ilivyokuwa, na mmoja wenu, simtaji, akashauri nianze na kesi kubwa nilizoshinda. Hizo zimo kabatini, nendeni mkazisome. Mimi nitawaandikia kesi moja ya kuvunja nyumba, ambayo kila mara mliponiuliza namna ya kumpokea mteja niliikumbuka, nikawajibu kwa maneno mengine. Majina ya watu nimeyabadilisha, na walio hai niliwaomba ruhusa kabla sijashika kalamu.

Nilifika Kyela mwezi wa nne, msimu ambao mvua hainyeshi bali inahamia. Wakili aliyekubali kunipokea alikuwa Mzee Mwandemele, mwenye ofisi ya chumba kimoja na ukumbi nyuma ya soko. Alivitazama viatu vyangu vya visigino virefu, akasema, "Binti, hivyo utavizika hapa," kisha akamtuma karani wake, Ambakisye, akanitafutie mabuti ya mvua. Nilitegemea nitaonyeshwa meza. Alinionyesha benchi la wateja.

"Keti hapo mpaka saa kumi."

"Nifanye nini, mzee?"

"Unachofanya wao. Subiri."

Niliketi. Mama aliyekuwa karibu nami, mwenye mgogoro wa shamba la mpunga, alidhani na mimi nimeshtakiwa, akanipa pole na ndizi ya kuchoma. Kufikia mchana alikuwa amenieleza kesi yake yote, pamoja na kwamba mpaka wa shamba aliuhamisha mume wake na si jirani. Alipoitwa ndani, nilimsikia kupitia mlango akisema jirani ndiye mwovu. Jioni Mzee Mwandemele aliniuliza nimesikia nini, nikamweleza.

"Umeona?" akasema. "Benchini wanasema yaliyotokea. Mezani wanasema wanayodhani wakili anapenda kuyasikia. Kazi yako ni kuufikisha mdomo wa benchini mezani."

Alinifundisha mengine mawili niliyoyashika. Moja, nenda ukaone mahali pa tukio kabla maneno ya jalada hayajakujaa kichwani, na nenda na tepu ya kupimia. La pili, mtu yeyote akitaka kukufungulia moyo, mwulize kwanza yuko upande gani wa kesi, maana siri ikishakuingia sikioni huwezi kuitema. Hili la pili nililiona dogo. Nilifikiri ni tahadhari za wazee.

Kesi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa ya wizi wa baiskeli, na nilishindwa. Nilisimama nikasoma hukumu za mahakama za juu kwa Kiingereza karibu saa nzima, bila kumwuliza shahidi baiskeli ilikuwa na rangi gani. Hakimu aliniuliza kwa upole, "Wakili, umemaliza?" Nikajibu nimemaliza. Mteja wangu akapelekwa gerezani miezi sita, akaniaga kwa heshima kubwa, jambo lililoniumiza kuliko kama angenitukana. Mzee Mwandemele hakunikaripia. Asubuhi iliyofuata aliniweka tena benchini, wiki nzima.

Miaka ikapita. Mzee alipofariki, ofisi ikabaki kwangu, na Ambakisye akabaki nami kwa sababu, alivyosema mwenyewe, alikuwa mzee mno kuzoea muhuri mwingine.

Cherehani ya Makwale ilinikuta nikiwa mtu mzima kazini, nikijiona nimekwisha kuziona aina zote za wateja. Asubuhi moja ya masika aliingia mzee mrefu, kofia mkononi, suruali imekunjwa hadi chini ya magoti kwa ajili ya matope.

"Mugonile, mama."

"Mugonile, mzee. Karibu uketi."

Aliitwa Mzee Lugano, mkulima wa kakao wa Makwale, mzee wa kanisa, mgane. Aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukichafua.

"Nimekuja kuweka wakili," akasema.

"Umeshtakiwa?"

"Si mimi. Ni kijana wa Katumba Songwe, anaitwa Yusufu. Ameshtakiwa kuvunja nyumba usiku na kuiba."

"Ni mwanao? Mkweo?"

"Hapana."

"Nyumba iliyovunjwa ni ya nani?"

Aliigeuza kofia, akaitazama ndani. "Yangu."

Kule ukumbini Ambakisye aliacha kugonga muhuri.

"Mzee, wewe ndiye mlalamikaji?"

"Ndiyo."

"Na unataka kumwekea wakili mtu anayeshtakiwa kukuibia?"

"Ndiyo, mama. Nataka aachiwe. Ila kuna jambo moja ambalo nataka ulijue wewe tu, lisifike—"

Nikainua mkono. Sijui kama ningeuinua bila Mzee Mwandemele.

"Usiliseme, mzee. Nisikilize kwanza. Siku ulipoandikisha polisi, kesi iliacha kuwa yako. Sasa ni ya Jamhuri, na wewe ni shahidi wake. Ukinieleza jambo la ndani, sitaweza kumtetea yule kijana, wala sitaweza kukusaidia wewe. Kama kuna ukweli ambao hukuusema, nenda kwa mwendesha mashtaka, ukauseme pale."

"Pale wataandika."

"Wataandika. Ndiyo kazi yao."

"Na kikishaandikwa hakifutiki."

"Hakifutiki, mzee."

Akanishukuru, "Ndaga fijo," kama mtu aliyepewa alichokuja kukitafuta, akatoka. Nilimwona dirishani amesimama barazani, mvua ikimnyeshea bega moja, hajui aende kushoto au kulia. Akaenda kushoto, upande wa stendi. Ofisi ya mwendesha mashtaka ilikuwa kulia.

Ambakisye akachungulia mlangoni. "Tangu nianze kazi hii sijaona aliyeibiwa akimhurumia mwizi kiasi kile."

"Hata mimi."

"Basi huyo si mwizi," akasema, akarudi kwenye muhuri wake.

Siku tatu baadaye akaja mama yake Yusufu, Bi. Zainabu. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Karonga, akaolewa upande huu, na tangu ujana wake aliuvuka mto Songwe na vitenge na sabuni kana kwamba ni mfereji wa shambani. Aliketi vizuri kabisa, akaweka mwavuli miguuni, na kabla sijafungua daftari akaanza kunihoji yeye.

"Wewe umewahi kushindwa kesi?"

"Mara nyingi, mama."

"Afadhali. Kuna mtu nje ya mahakama aliniambia hajawahi kushindwa hata moja. Nikamwogopa."

Malipo tulipatana, hayo hayawahusu. Nilimwambia jambo ambalo nanyi mtawaambia ndugu wote wanaokuja kuweka wakili kwa niaba ya mtu mwingine: yeye ndiye anayenileta, lakini mteja wangu ni mwanawe, na atakachoniambia mwanawe huenda asikisikie kamwe. Alifikiri, akasema, "Hata mimi haniambii. Labda wewe atakuambia."

Alinieleza yale yaliyojulikana. Mzee Lugano alikwenda msibani Ngonga, akalala huko siku mbili. Aliporudi alikuta wavu wa mbu wa dirisha la chumbani umekatwa na cherehani ya marehemu mkewe haipo. Siku mbili baada ya hapo mgambo walimsimamisha Yusufu njiani kuelekea Katumba Songwe. Yusufu alikuwa msafirishaji wa mizigo kwa baiskeli; alibeba samaki, mchele, hata mbuzi. Siku ile nyuma ya baiskeli yake kulikuwa na gunia, na ndani ya gunia cherehani, na chini ya cherehani jina la marehemu limekwaruzwa kwa msumari. Walipomwuliza alisema, "Nimebeba mzigo wa mtu." Wa nani? Hakujibu. Polisi nao hakuwajibu. Kukutwa na mali iliyoibiwa juzi na kukataa kusema umeipata wapi, hiyo ni kesi ambayo mwendesha mashtaka anaweza kuiendesha huku anakunywa chai.

Dhamana ilikuwa haki yake, lakini wadhamini wenye barua za viongozi wao wa mtaa hawakupatikana. Kila mtu aliogopa kwamba mtoto wa mama wa ng'ambo akitoka ataruka mto. Kwa hiyo nilimkuta mahabusu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye mapaja ya mtu wa baiskeli, anajikuna mikono kwa upele wa mahabusu.

"Nani alikupa ule mzigo?" nilimwuliza.

"Mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Mama, nikimtaja, atakana au atakubali. Akikana, mimi ni mwongo, na mwongo wa ng'ambo. Akikubali, atafungwa, na mimi ndiye niliyemfunga. Aliniomba nisimtaje. Nikamwambia sawa."

"Ulijua cherehani imeibiwa?"

"Sikujua. Mpaka sasa sijui kama imeibiwa."

"Hilo 'sawa' lako linaweza kukuweka humu miaka mingi."

"Nimeshalifikiria. Humu hakuna kazi nyingine."

"Na mama yako je?"

Hapo aliinamisha kichwa, akaendelea kujikuna mikono. Nilikaa naye mpaka askari alipokuja kusema muda umekwisha.

Nawaambieni ukweli, nilitoka na hasira. Mteja anayekudanganya unaweza kumtetea, maana utamjua kwa uongo wake. Anayekaa kimya kwa ajili ya mtu mwingine anakuachia mikono mitupu. Usiku huo sikuwa na wa kumwuliza, mwalimu wangu alikuwa ameshazikwa. Nikajiuliza angefanya nini, nikajua: angetafuta tepu.

Nilikwenda Makwale na Ambakisye. Kwa kuwa Mzee Lugano alikuwa shahidi wa upande wa pili, sikutaka kuzungumza naye faragha. Nilimwomba mwenyekiti wa kitongoji aongozane nasi. Mzee alitufungulia nyumba, kisha akaenda kusimama mbali, kwenye vichanja vya kakao, akigeuza punje ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

Mbele ya dirisha sikuhitaji akili nyingi, nilihitaji macho. Wavu ulikuwa umekatwa vizuri, kwa mkasi na si kwa panga, na ncha za nyuzi zilielekea nje, kama wavu uliosukumwa na mtu aliye chumbani. Nyuma ya wavu kulikuwa na nondo, nazo zilisimama zote, zimepakwa rangi, hakuna iliyopinda. Nilipima nafasi kati ya nondo na nondo. Kiganja changu kiliingia kwa taabu. Jalada lilisema "dirisha lilivunjwa", na kila aliyelisoma aliona dirisha lililovunjwa. Mimi pia nilikuwa nimeliona hivyo, nikiwa mezani kwangu.

"Mwenyekiti," nikauliza, "cherehani inaweza kupita hapa?"

Alicheka. "Hapa hata kuku ni lazima ajipange."

"Na mlango?"

"Mlango mzima. Tuliukuta umefungwa."

Nikatazama nje. Mzee Lugano alikuwa ameacha kugeuza kakao, anatutazama. Hapo nikaelewa kwa nini alikuja ofisini kwangu. Sikumjua mtu aliyefanya, lakini nilijua kwamba mtu huyo alikuwa na ufunguo, na kwamba mzee alimjua. Na niwe mkweli kwenu: nilijikataza kutumia mahakamani neno lolote kuhusu kuja kwake, wala Yusufu sikumwambia, lakini asingekuja, huenda nisingepima nondo zile kwa makini vile. Tangu siku hiyo nimejiuliza kama nilikiuka kitu. Sijapata jibu.

Nikarudi mahabusu. "Yusufu, sitakuuliza jina," nikamwambia. "Nakuomba ruhusa ya swali moja. Niulize funguo za nyumba ile ziko ngapi?"

Alifahamu haraka kuliko nilivyotegemea. Uso ulimbadilika.

"Ukiuliza hivyo, atatajwa."

"Atakayejibu ni mzee, si wewe. Wewe uliahidi mdomo wako. Hukuahidi wake."

"Na akidanganya?"

"Basi nitakuwa nimeharibu, na wewe ndiye utakayelipa. Ndiyo maana nakuuliza kwanza."

Alisugua viganja vyake muda mrefu. "Yule mzee," akasema, "nimewahi kumbebea kakao. Ananipa maji kila mara, na kikombe chenyewe ni cha ndani, si cha kibarua. Uliza."

Kesi iliahirishwa mara mbili kwa sababu mafuriko yaliikata barabara na shahidi hakuweza kufika. Mara ya tatu alifika. Mvua ilipiga bati la mahakama mpaka hakimu akatuomba tuseme kwa sauti, kwa hiyo kila kilichosemwa siku ile kilisemwa kama mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya shamba. Bi. Zainabu alikaa mstari wa mbele. Nyuma kabisa kulikuwa na wakulima waliokuja kwa kesi nyingine, na mwanamke mmoja mwenye kitenge cha kijani ambaye sikumtilia maanani.

Mzee Lugano aliapa kwa Biblia. Mwendesha mashtaka alimwongoza vizuri: msiba, kurudi, wavu, cherehani. Alijibu kwa maneno machache, macho kwenye sakafu. Hakusema uongo. Alijibu alichoulizwa tu. Kisha nikasimama mimi.

"Mzee, uliporudi kutoka msibani, uliukuta mlango umevunjwa?"

"Ulikuwa umefungwa."

"Kwa ufunguo?"

"Kwa ufunguo."

"Nondo za dirisha, kuna iliyokatwa au kupinda?"

"Hakuna."

Niliomba kielelezo kiletwe. Askari aliileta cherehani kwa mikono miwili, akaiweka mezani kwa kishindo, nikaipima mbele ya kila mtu, nikasoma kipimo, kisha nikasoma kipimo cha nondo.

"Inaweza kupita dirishani kwako?"

"Haiwezi."

"Basi ilipita wapi?"

"Mlangoni."

"Funguo za mlango huo ziko ngapi?"

"Mbili."

"Moja ulikuwa nayo Ngonga?"

"Mfukoni."

"Na ya pili?"

Tulisikia bati tu. Mwendesha mashtaka alianza kusimama, kisha akabadili mawazo. Yusufu alikuwa kizimbani amefumba macho.

"Shahidi," hakimu akasema, "jibu swali."

Mzee Lugano aliinua uso, akatazama nyuma ya chumba, kwa yule mwanamke mwenye kitenge cha kijani. Walitazamana. Mwanamke alitikisa kichwa kidogo, na mpaka leo sijui kama alikuwa akimwambia aseme au asiseme.

"Anayo Tusekile," akasema. "Binti yangu. Yule pale."

Mwalimu wangu alikuwa akisema, ukishapata ulichokitafuta, keti. Nilikuwa nimekipata. Mashaka yalikuwa yamejaa tele, mteja wangu alikuwa na njia ya kutokea. Lakini nilimwona yule mzee amemtaja binti yake mbele ya askari, na kwenye hati ya mashtaka mali iliandikwa kuwa ni yake yeye. Nikauliza swali ambalo sikujua jibu lake. Msinifuate katika hili; wengi wameumia hivyo.

"Mzee, cherehani hii ni ya nani?"

Mkono wake ulishika mbao za kizimba cha mashahidi.

"Mama yake Tusekile alipokuwa kitandani," akaanza, na hakimu akaacha kuandika ili amsikie, "aliniita, akasema cherehani ni ya Tusekile, yeye ndiye aliyemfundisha kushona. Nikasema ndiyo. Tulipomzika, nikasema itakaa nyumbani, atakuja kuitumia mke wa mwanangu. Tusekile aliniomba mara tatu. Mara ya tatu nilimfukuza kwa maneno mabaya. Ana kibanda cha kushona Katumba Songwe, alikuwa anaazima mashine za watu. Nilipokuwa msibani alikuja mchana, akaichukua, akakata wavu nidhani ni wezi. Nami nilidhani ni wezi, nikaandikisha polisi kwa nia safi. Aliposikia kijana amekamatwa alikuja akaniambia yote. Alitaka kwenda polisi. Mimi nikamkataza. Nikasema, nyamaza, mimi ni mzee wa kanisa, nitalimaliza mwenyewe." Akavuta pumzi. "Sikulimaliza. Mheshimiwa, cherehani si yangu. Ni ya binti yangu. Aliyemnyima ni mimi."

Nikaketi. Sikuwa na swali jingine.

Mwendesha mashtaka aliomba ahirisho la siku mbili, na siku ya pili akasimama akaondoa mashtaka. Alikuwa mtu wa haki. Aliniambia ukumbini kwamba mtu haibi kilicho chake, na kwamba kuhusu wavu, mwenye nyumba hana malalamiko. Yusufu alipotoka kizimbani hakuruka wala hakulia. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Mama, na baiskeli yangu je?" Ilikuwa imezuiliwa kama kielelezo. Niliandika barua tatu kuidai. Iliporudi tairi zote mbili zilikuwa zimeisha upepo, na Ambakisye alizijaza mwenyewe, bila kuombwa, akiwa katika suti yake ya mahakamani.

Tusekile alikuja ofisini siku chache baadaye. Aliniambia aliificha cherehani kijijini siku chache, kisha akampa Yusufu mzigo njiani, akamwomba asimtaje kwa mtu kwa kuwa amegombana na baba yake. "Nilisema tu, kama mtu anavyosema," akaniambia. "Sikujua atalishika vile." Alitaka kujua amwambie nini Yusufu. Nikamwambia yeye na Yusufu hawanihitaji tena.

Mzee Lugano naye alirudi. Safari hii aliketi kiti kizima. Alikuwa ameomba kujiuzulu uzee wa kanisa, na bado hawakuwa wamemjibu.

"Mama," akasema, "nataka kwenda kwa mama yake yule kijana. Twende wote. Wewe unajua kusema."

"Kwa hilo sina leseni, mzee."

"Nitasema nini?"

"Ulichosema mahakamani. Ila pale hapatakuwa na mtu wa kukuamuru ujibu."

Aliondoka bila kuniaga vizuri, nikadhani nimemwudhi.

Vijana wangu, mtaletewa kesi za kuvunja nyumba nyingi, na nyingi zitakuwa hivyo hivyo zinavyoonekana: mtu amevunja, ameiba, amekamatwa, mama yake amekuja kumwekea wakili. Mteteeni vilevile. Lakini pimeni dirisha. Na mtu akikataa kujitetea, msiseme upesi kwamba ni mjinga. Ulizeni anamkinga nani. Nilishinda kesi ile kwa tepu na kwa swali nililokatazwa, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kingefaa kitu kama mzee yule angeamua kujibu "sikumbuki". Mashahidi hujibu hivyo kila siku, na hawafungwi.

Baada ya wiki kadhaa Bi. Zainabu alipita ofisini akielekea sokoni na furushi la vitenge. Alikuja kunisalimu tu, alisema, na kuniletea kikapu cha mchele mpya. Tulizungumza habari za mvua na za Yusufu, ambaye alikuwa amerudi barabarani. Alipokuwa anainuka nikamwuliza kama Mzee Lugano alifika kwake.

"Alifika," akasema. "Peke yake, matope mpaka magotini. Alianza kusema akiwa bado uani, hata hodi yake sijaiitikia. Nikamwacha aseme mpaka akamaliza. Alisema yote, hakuficha."

"Ukamsamehe?"

Bi. Zainabu aliliweka furushi kichwani, akalisawazisha kwa mkono mmoja, akanitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza aliponihoji.

"Siku ile? Hapana," akasema. "Siku ile nilimpa kiti."